Hakuna Aandikaye Kama Wewe

Ile sentensi haikuwa sifa. Kwa miaka miwili nimeapa kwamba ilikuwa sifa. Nimemwapia mume wangu mezani, nimewaapia wenzangu, na siku moja nilimwapia mama yangu mzazi, ambaye hakuwa ameuliza. Sasa nasema: lilikuwa tusi. Nililitunga kwa makini, nikalisoma mara tatu kabla ya kulituma, na nilifurahi.

Kundi letu lilikuwa la wapenzi wa Kiingereza wa Taita Taveta. Lilikuwa kwenye simu, na lilikuwa na watu zaidi ya mia: walimu waliostaafu, makarani, wahubiri, wapokea wageni wa hoteli za mbugani, na watu kama mimi, tuliosoma chuo kikuu na ambao tangu siku ya mahafali hatujapata mahali pengine pa kuonyesha. Kila asubuhi mtu aliweka neno la siku. Kufikia saa nne tulikuwa tunagombana. Tuligombana kuhusu koma. Tuligombana wiki nzima kama ni halali kuandika "revert back", ilhali "revert" peke yake tayari ni kurudi, mpaka mchungaji mmoja wa Mbololo akajitoa kundini kwa hasira. Aliporudi baada ya siku tatu, tulimuuliza kama ame-revert tu ama ame-revert back.

Lakini hakuna aliyemtukana mwenzake waziwazi. Kanuni za admini zilikataza. Kwa hivyo tukajifunza kutukana kwa adabu. "Interesting" ilimaanisha umeandika upuzi. "Well tried" ilimaanisha rudi darasa la nne. "I stand to be corrected" ilimaanisha thubutu. Na yule mkaguzi wa shule mstaafu, mzee wa Werugha ambaye sote tulimwogopa, alikuwa na silaha moja tu, nukta. Unamwandikia aya nzima, naye anakujibu "Okay" na nukta mwishoni. Utatembea na nukta hiyo siku mbili kama mwiba kwenye kisigino. Kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, mambo haya tungeambiana usoni na yangekwisha kabla ya chai. Kiingereza kilitupa nafasi ya kuyaweka moyoni.

Halafu akaingia yeye. Alikuwa mke wa mfanyakazi wa shamba la mkonge, mtu wa magharibi mwa Kenya kama wengi wa huko mashambani, na alifundisha watoto wadogo katika shule ya chekechea ya shamba. Hakuijua lugha yetu ya ndani, na hakuna aliyemfundisha. Ukimwandikia "Interesting", anajibu kwamba anashukuru sana na anafurahi kuona umependezwa. Ukimwandikia "Well tried", anajibu "Amen".

Rafiki yangu, karani wa mahakama pale Voi, ambaye mimi naye tulikuwa na mazungumzo yetu ya pembeni ya kuwasengenya wengine, aliniandikia, "Huyu ni mjinga ama ni mjanja?"

"Ni mjinga," nikamjibu. "Mjanja hasemi amen."

Ningemwacha tu. Wengine walimcheka, mimi nilikuwa na shabaha kubwa zaidi. Kisha siku moja nikaandika somo refu kuhusu vituo, somo la mtu anayejiamini, na nikamalizia kwa kuahidi kwamba Ijumaa "we shall discuss about the semicolon". Dakika kumi baadaye yule mama akaleta picha ya ukurasa wa kamusi. Kamusi yenyewe ilikuwa imechakaa, kidole gumba chake kikionyesha mahali. Akaandika kwa Kiingereza chake kwamba madam amsaidie: katika kamusi hii "discuss" imekaa peke yake, haina "about". Je, kamusi yake imepitwa na wakati?

Kila anayejua Kiingereza anajua kwamba "discuss" haitaki "about". Mimi pia najua. Nimewasahihisha watu wengi kwa kosa hilohilo, na si kwa upole. Mkaguzi akaandika "Interesting", na nukta. Aliniandikia mimi. Mtu mmoja wa hoteli akaweka vikaragosi vya kucheka, kisha akavifuta, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa sababu alama ya kufutwa hubaki pale kila mtu aione.

Yule mama mwenyewe alikuwa anangoja jibu kwa nia njema kabisa. Hilo ndilo sikuweza kumsamehe.

Nilingoja wiki moja. Akaweka kundini insha fupi kuhusu watoto wake wa chekechea, jinsi wanavyojifunza kuhesabu kwa mistari ya mkonge wakitembea kuja shule. Vitenzi vilikuwa vimekosana na nafsi zake, nyakati zilikuwa zimegongana. Nikaandika chini yake, "Nobody in this county writes English like you." Hakuna mtu katika kaunti hii anayeandika Kiingereza kama wewe. Isome utakavyo. Tusi langu lilikuwa halali, lina nguo za kanisani.

Vidole gumba vya kupongeza vikaanza kumiminika. Karani akaniandikia pembeni, "Umemchimbia kaburi na ataomba kulilipia." Kabla sijamjibu, mama yule akawa ameandika kwamba analia, na kwamba Mungu anibariki.

Kuna watu watakaosema hapo ndipo ningepaswa kuona aibu. Niliona, lakini kidogo, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake kwenye ibada na akaendelea kuimba.

Baada ya miezi michache aliniandikia faraghani, kwa Kiswahili. Mume wake alikuwa amepunguzwa kazini, na nyumba ya shamba walitakiwa kuirudisha mwisho wa mwezi. Shule moja ya bweni upande wa Mbololo ilikuwa inatafuta mwalimu wa Kiingereza wa madarasa ya chini, na kazi ilikuja na nyumba ya mwalimu. Alikuwa na cheti chake cha ualimu. Lakini walitaka pia mtu wa kuulizwa habari zake, asiye ndugu yake wala mchungaji wake. "Dada, naweza kuandika jina lako?"

Nikamjibu, "Kwa furaha." Sikuweka nukta.

Wiki hiyohiyo nilimkuta Voi, ndani ya duka la kuchapisha karatasi karibu na soko. Sikuwahi kumwona ana kwa ana. Yeye ndiye aliyenijua kwa picha yangu ya simu. Alikuwa mfupi, mwenye mkoba wa plastiki uliobanwa kwapani, na alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Madam, ni Mungu amekuleta. Hebu ona kama nimekosea mahali."

Akatoa barua. Nyuma ya barua alikuwa ameweka ukurasa mwingine, amechapisha kwa rangi. Ilikuwa sentensi yangu, na jina langu juu yake, na vile vidole gumba vyote chini yake kama sahihi za mashahidi.

"Hii nayo unawapelekea?" nikauliza.

"Si ndiyo cheti changu kikubwa," akasema, akacheka. "Vyeti vingine kila mtu anavyo. Mzee wangu alisema niiweke mbele, mimi nikasema hapana, nitaonekana najigamba. Nimeiweka nyuma."

"Ungeiacha tu nyumbani."

"Kwa nini, madam? Imeharibika?"

Yule mwenye mashine alikuwa anatusikiliza. Ningeweza kumvuta nje, nikamwambia. Nilisoma barua yake badala yake. Ilikuwa na makosa matatu. Nikamwonyesha mawili.

"La, haijaharibika," nikasema. "Barua ni nzuri."

Jioni nilimweleza karani. Aliniuliza nitasema nini wakinipigia. Nikamwambia hawapigi, shule hizi huchukua mtu wanayemjua na kumaliza. Akajibu, "Okay", na nukta. Tangu yale yaliyofuata nimejaribu namba ya yule mama mara nyingi. Haipatikani, na kundini hayumo.

Lakini shule ilipiga. Ilikuwa asubuhi, nami nilikuwa kwa mama yangu huko Werugha, namsaidia kufunga mafungu ya mboga ya kuteremsha sokoni. Aliyepiga alikuwa mwalimu mkuu wa ile shule, mwanamke, sauti yake tulivu.

"Madam, sitakuchelewesha. Kuna mama hapa amekuandika kama mtu wa kuulizwa."

"Ndiyo, namjua."

"Jana alifundisha somo la majaribio. Watoto wa gredi ya tatu hawakutaka atoke darasani. Mimi nimempenda, nisikufiche. Lakini bodi ina mtu mwingine mwenye digrii, na wananibana kuhusu Kiingereza cha huyu mama. Nimewaonyesha maneno yako, wakatulia. Wamesema ukiyathibitisha, kazi ni yake."

"Sawa."

"Sasa tatizo ni langu mimi. Nimeyasoma mara kadhaa. Mimi pia nilisoma Kiingereza chuoni, madam, na naona yanaweza kusomeka namna mbili."

Mama yangu alikuwa amesimama na kamba mkononi, anangoja nishike fungu.

Nilijua cha kusema. Ningesema tu kwamba ilikuwa sifa, basi. Uongo huohuo nimewaambia watu wengi tangu hapo bila kumfaa yeyote. Asubuhi ile ungempa mtu nyumba. Lakini katika miaka yangu yote ndani ya kundi lile, hakuna aliyewahi kuisoma sentensi yangu namna hiyo. Wale wengine walicheka kwa sababu walinijua mimi na walimjua yeye. Huyu hakutujua. Alikuwa na karatasi tu, na ameuona wembe. Nilitamani, kuliko nilivyotamani kitu chochote mwaka ule, asinidhanie mtu anayeweza kusifu Kiingereza kile.

"Madam," nikasema, "wewe ni msomaji mzuri."

Akacheka kidogo, kicheko cha watu wa kazi moja.

"Nilihisi hivyo," akasema. "Basi nitawaambia wamwandikie barua ya kazi huyu wa digrii. Asante kwa kuwa mkweli."

Nikamwambia karibu, akakata simu.