Kamba Isiyo na Wavu

Sisi tuliokulia Nansio kabla ya simu tunajua msaada ulitafutwaje. Ulitelemka ziwani. Kokoro, ule wavu mrefu wa kuvutwa kwa kamba mpaka ufukweni, likivutwa, yeyote aliyeshika kamba alipata samaki wake, awe mzee, awe mtoto mwenye kamasi. Hakuna aliyekuuliza kwenu mna hali gani. Wanaume waliimba, mchanga ukituchoma nyayo, na matumbo yetu yakiitikia.

Baba alipofariki tulibaki na mihogo, halafu hata mihogo ikaisha. Mama yangu alikuwa mgumu kama miamba ya Mwanza. "Ukileta cha kuomba, utakirudisha ulikokitoa." Na kweli angenirudisha nacho, hata wadogo zangu wangelia vipi.

Siku moja nilichelewa. Nikakuta kokoro limeshatoka, samaki wameshagawanywa. Nikasimama na beseni tupu, machozi yananilenga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba," akaitikia Mzee Magesa, mwenye kokoro. Akanitazama, akatazama beseni. Akafunga jiwe kwenye kamba, akalitupa majini. "Unashangaa nini, binti? Vuta!"

"Babu, mbona hakuna wavu?"

"Wewe ndiye mwenye kokoro? Vuta!"

Nikavuta. Wanaume wakaniimbia wimbo mzima, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Likatoka jiwe. Mzee akalipokea kwa mikono miwili kama sangara mkubwa, kisha akanitupia sato wawili kwenye beseni.

Nyumbani mama akauliza, "Umeomba?"

"Nimevuta kamba, mama. Tazama."

Akavitazama viganja vyangu vilivyochubuka. Akawasha moto.

Leo nina duka la nafaka Mkuyuni, na darasa la pili sikulimaliza. Wajukuu wananiambia msaada siku hizi unaombwa kwenye simu. Ukiupata, unapigwa picha umekumbatia mfuko wa unga, mji mzima ukuone. Haya, ndiyo maendeleo. Simu zenu zinajua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Enzi zetu mtu alisaidiwa akarudi kwao kifua mbele, anadhani amefanya kazi.

Juzi alikuja dada mmoja, mtoto mgongoni, hajala tangu jana. Akaanza kujieleza. Nikamkatisha, nikamsogezea ungo wa mchele.

"Chagua mawe."

Akachagua weee, mwisho akainua uso. "Mama, huu mchele mbona hauna hata jiwe moja?"

"Wewe ndiye mwenye duka? Chagua!"