Gauni Nililolipunguza Mara Tatu

Kuna siku moja naikumbuka kila ninaposhika mkasi, na kwa kuwa mkasi naushika karibu kila siku, hiyo siku haijapata nafasi ya kunitoka. Mwanangu, nivumilie kidogo. Mimi ni mtu wa kuinuka inuka. Nikianza kusimulia nitaenda kuchungulia maharage jikoni, nitarudi, nitatafuta miwani niliyoivaa, ndipo niendelee. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimeshachelewa mahali, na sijui ni wapi mpaka leo.

Najua siku hizi mnajishonea wenyewe. Nawaona hapa Buzebazeba, wasichana kwa wavulana, mnamtazama mtu kwenye simu akikata blauzi, mnamsimamisha, mnamrudisha nyuma, mnakata na nyinyi. Inanipendeza sana, nisiseme uongo. Anayevaa nguo aliyoikata mwenyewe ana namna yake ya kutembea. Ila wiki iliyopita nilimwona binti mmoja akikata shati la baba yake kwa kulaza shati kuukuu juu ya kitambaa kipya, na baba mwenyewe amekaa hatua tano tu kutoka pale, anakunywa chai. Nilishindwa kutulia. Nikarudi kwangu, nikazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwishowe nikaona bora niseme.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Shule nimemaliza, nangoja kujua nitapangiwa kazi wapi, na kule kungoja kulikuwa kunaniwasha mwili mzima. Shangazi yangu alipohamia Tabora aliniachia cherehani chake cha mkono, na sidhani kama kilipumzika tena tangu siku ile. Sikuwa fundi wa watu wala sikuweka kibao mlangoni. Nilishona kwa kupenda tu, na kwa sababu mikono yangu ikikaa bure roho inaanza kunienda mbio. Nilijishonea sketi, nikajishonea blauzi za mikono mipana, nikageuza pazia la sebuleni likawa gauni. Mama akawa akirudi nyumbani anatazama madirisha kwanza kabla hajavua viatu.

Mama alikuwa anauza dagaa Kibirizi. Asubuhi mapema yuko ufukweni kupokea mitumbwi, kisha anaanika, anageuza, anabishana na wachuuzi, na jioni anarudi ananukia ziwa lote. Alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Nilimpenda mno. Lakini nilimpenda huku natembea, mwanangu, kama nilivyofanya mambo yangu yote.

Basi ilipobaki kama mwezi kufika Idi, akaja na kitenge cha Kongo, bluu iliyokolea, maua ya njano makubwa kama sahani. Akakiweka juu ya cherehani changu.

"Nishonee la Idi," akasema. "Mwaka huu sitaki la fundi. Nataka nishonewe na wewe."

Nilifurahi mpaka nikamkumbatia na kitenge chake. Naye akabaki amesimama, mikono kaining'iniza, kama mtu anayesubiri jambo. Mimi nilishakwenda kutafuta daftari. Vipimo vyake nilikuwa navyo, nilivyoviandika mwaka uliotangulia: kifua, kiuno, mabega, urefu. Kwa nini nipoteze muda kumpima tena mtu ninayelala naye nyumba moja? Nikamwambia aende akapumzike. Nikachora kwa chaki, nikakata asubuhi, na kabla ya magharibi gauni lilikuwa limekwisha. Nikajiona mimi ndiye mimi.

Alipolivaa, mabega yalimteremka hadi kwenye mikono.

"Limekuwa kubwa kidogo," akasema.

"Kitenge hiki kimenidanganya," nikajibu, na nikaanza kumbana kwa pini pale pale. Alikohoa. Akasema ni vumbi la dagaa. Mimi nilikuwa nimebana pini nne kwa midomo, nikamwitikia kwa pua.

Nikapunguza. Siku kumi hazikupita, akalijaribu tena ili nimalizie pindo, na kiuno kikawa kinapwaya. Nikakasirika kwelikweli. Nililaumu mkasi, nikalaumu uzi, nikafungua cherehani na kukitia mafuta kama chenyewe ndicho kilichokosea. Nikapunguza mara ya pili. Idi ikiwa imebaki siku nne, gauni likampwaya mara ya tatu. Safari hii nilishona kwa hasira, na vile vipande vya ziada vilivyokuwa vimejikusanya ndani ya mshono vikanikera. Vilifanya gauni livimbe ubavuni. Nikavikata vyote, karibu kabisa na uzi, nikavitupa.

Jirani yetu alikuwa Mama Spesioza, mtu wa Burundi aliyekuja huku zamani akiwa na wanawe wadogo, akakaa mpaka akawa wetu. Yeye alikuwa mfumaji. Kwa joto hili letu ungemwona amekaa kibarazani, mapaja yamejaa uzi wa sufu, anafuma masweta ya wajukuu waliokuwa Kasulu, ambako asubuhi baridi inauma. Hakuuza hata moja. Nami nilikuwa nikimwonea huruma, namna alivyofuma taratibu, anahesabu, anafumua, anaanza upya, bila hata kusonya. Nilimpelekea lile gauni ili alisifie, na pia nipate mtu wa kumlalamikia.

"Shikamoo, Mama Spesioza. Hebu ona kitenge hiki. Kila nikikipunguza kinatanuka."

"Marahaba. Kinatanuka?" Akaweka sindano zake chini. Akaligeuza gauni nje ndani, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, polepole, toka kwapani mpaka chini. Nilitamani nimnyang'anye. "Kitenge hakitanuki, mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa lugha ya kwao. "Nguo ya akiba iko wapi?"

"Nimeikata. Ilikuwa inavimba."

"Mama yako umempima lini?"

"Vipimo vyake ninavyo kwenye daftari."

"Oya, hapana. Sijauliza daftari." Alinitazama, na mwanamke yule hakuwa na macho makali, lakini siku ile nilishindwa kuyatazama. "Gauni haliongezeki. Mama yako ndiye anayepungua, na wewe unamfuata nyuma na mkasi. Sasa umekata na akiba yote, kana kwamba umeshaamua hatanenepa tena."

Sikuaga. Sikumbuki hata kama nilichukua gauni. Nilitoka pale nikashika njia ya Kibirizi kwa miguu, nusu natembea nusu nakimbia, jua limesimama, na njia nzima mambo yakawa yananijia moja baada ya jingine. Kile kikohozi cha usiku. Ugali anaoubakisha na kusema ameshakula kwa rafiki. Kanga mbili anazojifunga kiunoni, moja juu ya nyingine, nami nilidhani ni baridi ya ziwani. Vyote nilikuwa nimeviona. Nilikuwa nimeviona nikipita, nikiwa naenda kufanya jambo jingine, na niliogopa, mwanangu.

Nilimkuta amekaa. Mama yangu hakuwa mtu wa kukaa kazini. Alikuwa amekaa juu ya beseni lililofunikwa, na mwanamke mwenzake ndiye anayemgeuzia dagaa.

"Mama, unaumwa?"

"Punguza sauti," akasema, akitazama huku na huku. "Unataka watu wasikie? Nani atanunua dagaa kwa mtu anayekohoa?"

"Sasa mbona hukuniambia? Mimi ni mwanao!"

Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kusema bila kuniumiza, akaikosa.

"Ningekwambia saa ngapi, Zainabu? Wewe hukai. Nikianza neno, uko mlangoni." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Unafikiri gauni nilikuwa nalitaka sana? Nilisema, akinishonea atanipima. Akinipima ataona mwenyewe, nami sitahitaji kusema. Nikasimama mbele yako. Ukaenda kuchukua daftari."

Nimezeeka sasa, nimezika watu, nimesikia maneno mengi mabaya niliyoambiwa kwa makusudi. Hayajanichoma kama yale, na yeye hakuyasema kwa ubaya. Mara tatu alisimama mbele yangu kwenye lile gauni, akingoja niulize, na mara tatu nilimzungusha kama gogo la kutundikia nguo.

Nilimshika mkono palepale. Ulikuwa mwembamba, na nilishangaa kwamba sikujua. Tukaenda hospitali, wakampima, wakasema ni kifua kikuu, na wakasema kinatibika ila dawa zake ni za miezi mingi na hazitaki mchezo. Idi ilipita tukiwa na vidonge juu ya meza badala ya biriani. Gauni, Mama Spesioza alilirudisha, likakaa sandukuni.

Hapo ndipo nilipofundishwa kukaa. Kila asubuhi nilikaa mbele yake mpaka ameze, na baada ya kumeza nikakaa tena, kwa sababu alipenda kuzungumza akishameza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kushona suti. Magoti yalicheza, vidole vilitafuta cha kushika. Mama Spesioza akaniona ninavyoteseka, akaniletea sindano mbili na donge la uzi, akanifundisha kufuma, kwa sababu ufumaji mtu anaufanya akiwa amekaa, macho kwa anayesema. Sweta langu la kwanza lilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Lakini katika lile sweta nilisikia habari za mama yangu ambazo sikuwahi kuzisikia: alivyokuwa msichana Ujiji, alivyoogopa siku ya kwanza kupanda mtumbwi, mtoto aliyempoteza kabla yangu. Miaka ishirini na mmoja nilikuwa sijui kama nilikuwa na kaka.

Zikapita siku, dawa zikaisha, sauti yake ikarudi, na wachuuzi wa Kibirizi wakaanza tena kuiogopa. Idi ikaja nyingine. Akafungua sanduku mwenyewe, akalitoa gauni la bluu, akaingiza kichwa, akaingiza mkono mmoja. Likakwama. Halikushuka wala halikupanda. Niliugeuza upande wa ubavuni kutafuta nguo ya akiba ndani ya mshono nikakuta uzi mtupu, kama nilivyouacha mwenyewe. Sikuwa na hata unene wa ukucha wa kumwachia.

Nilianza kulia. Mama, aliyekuwa ndani ya gauni mkono mmoja juu, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi kitandani na gauni lake shingoni, akacheka kicheko kirefu cha kifua kizima, na hakukohoa. Nikasikiliza mpaka mwisho. Hakukohoa hata mara moja.

"Acha kulia, wewe. Njoo unitoe humu," akasema. "Kisha ulete futi kamba, unipime mimi."

Akasimama, akainua mikono. Nikampima kifua, nikampima kiuno, nikapitisha futi kamba mgongoni mwake, na nikafanya yote hayo mara mbili ingawa mara moja ilitosha. Daftari sikulifungua.

Sasa nisikilize, mwanangu, kabla sijainuka. Kushona nguo zako ni starehe nzuri, usiiache, na usimruhusu mtu akwambie ni kupoteza muda. Lakini usimkatie mtu nguo kwa vipimo vya mwaka jana, viwe vya daftari au vya kwenye simu yako. Mwite, asimame, umpime kwa mikono yako, na mdomo wako usiwe na pini. Muulize amelalaje, amekula nini, kisha ungoje jibu. Ukiona nguo imempwaya usikimbilie kulaumu kitambaa, na ukiona imembana usimcheke. Na hata uwe na haraka ya namna gani, acha vidole viwili vya nguo ndani ya kila mshono. Itavimba kidogo, itakukera kama ilivyonikera. Iache. Huyo unayemshonea bado anaishi, na mtu anayeishi hujui kesho atahitaji nafasi kiasi gani. Kama baba yako amekaa hatua tano kutoka kwako anakunywa chai, weka mkasi chini. Zitembee hizo hatua tano.

Mwenyezi Mungu akupe mikono isiyochoka na akupe magoti ya kukaa, maana mimi hayo ya pili nilichelewa kuyapata. Awaweke wote unaowashonea. Wanenepe, wakuletee nguo zao uzifumue mishono, wakusumbue hivyo miaka na miaka, wala isifike siku ukatamani kumpima mtu na mtu hayupo. Amina. Haya, nenda, pengine baba yako naye hajamaliza chai.