Kiti Chenye Chapa ya Ngamia

Jua la Garissa linachungulia tu, na tayari Dekow Bare anatoka jasho. Anaikanyaga pikipiki yake kuiwasha, kimya. Anaikanyaga tena, inakohoa na kuzima. Anainama, anapapasa tangi lililochubuka na kulinong'oneza kwa Kisomali. Safari hii inanguruma.

"Ukigombeza, inanuna," anasema akicheka. "Ni kama ngamia ya maziwa."

Ni pikipiki ndogo ya Kichina, ya zamani, aina ambayo maduka ya vipuri mjini yamekwisha kuisahau. Kwa miaka kumi na minane imempeleka kwa wafugaji na kumrudisha na jerikeni za maziwa ya ngamia, ambayo mkewe, Ruqiya, huyauza sokoni. Maziwa hayo ndiyo yaliyowasomesha watoto wao wanne.

Ilinunuliwa kwa ngamia wa Ruqiya, aliyepewa na wazazi wake alipoolewa. Alimuuza mwenyewe, bila kuombwa. Pikipiki ilipofika nyumbani, akaifanyia kama anavyofanyiwa kila mnyama mgeni zizini: alitia chuma motoni, akaipiga chapa ya ngamia wao. Aliipiga kwenye kiti.

"Sponji ilishika moto!" Dekow anaangua kicheko. "Bikibiki mpya, siku ya kwanza, tunamwagia maji."

Ruqiya, anayefukiza jerikeni kwa moshi kando yake ili maziwa yasichache upesi, hakubali kushindwa. "Na imewahi kuibiwa?"

Siku ileile alipiga chapa kipande cha ngozi, akakishona juu ya tundu. Kipo mpaka leo, kinang'aa kwa kukaliwa.

Lakini injini imechoka. Wiki iliyopita ilizima porini, maziwa yote yakaharibika juani. Fundi wake, Nuh, anayemwita adeer, yaani ami kwa Kisomali, hakumficha. "Adeer, pistoni ya hii haiko tena. Nunua ingine, hii uza kwa chuma chakavu."

Maneno hayo yalimchoma Dekow. "Hii imelea watoto yangu," anasema, machozi yakimlengalenga. "Nitauza aje kwa kilo?"

Ruqiya ndiye aliyekata shauri. Watanunua nyingine kabla ya mvua. Ile ya zamani itapumzika zizini, na kiti chake kitahamia kwenye mpya.

"Ikifika tu, nafunga hii kiti," Dekow anapanga. "Haraka, kabla Ruqiya hajawasha moto."

Ruqiya anainua uso kutoka kwenye moshi. "Moto nitawasha. Bila chapa, watu watajuaje ni yetu?" Kisha anakifuta kile kiraka kwa ncha ya shungi lake. "Lakini mimi nitakaa hapa hapa, nyuma yako."