Sauti Niliyoitafuta Ndani ya Lampe

Mwenzangu alipokwenda Nairobi, watu walidhani nitalia. Sikulia. Nilikasirika, na hasira yangu yote nikaimwaga juu ya ampli, kile kikuza sauti cha magitaa yetu.

Nilikuwa fundi cherehani huko Kadutu, mjini Bukavu. Siku za kazi nilishona abakosti, zile suti zisizovaliwa tai, maana enzi zile za Zaïre mwanaume hakuweza kuingia ofisini bila kuivaa, nasi mafundi tulishukuru kimya kimya. Jumapili, baada ya misa, niligeuka mpiga gitaa. Mimi na mwenzangu tulipiga mchana katika baa ya maman mmoja mjane, mpole kwa wanywaji na mkali kwa wanamuziki. Mimi nilishika solo, yeye akashika akompanyema, yaani lile gitaa la kusindikiza ambalo hakuna anayelisifu mpaka linyamaze. Ampli ilikuwa moja tu. Tuliinunua pamoja, na kama ilivyokuwa desturi ya vikundi vidogo vya Bukavu, magitaa yote mawili yalichomekwa humo humo, kila moja na tundu lake.

Baa ilikuwa kubwa na ampli ilikuwa ndogo, kwa hiyo tulizungusha kitufe cha sauti mpaka kikagoma. Sauti ilitoka imepasuka, inakwaruza, nzito katikati, na noti ikishikwa ilikaa hewani huku ikinguruma. Orkesta za Kinshasa tulizozisikia redioni zilipiga safi. Yetu ilikuwa chafu, nasi tuliipenda hivyo hivyo. Hata waliokuja kunywa tu waliweka glasi chini sauti ile ilipopanda.

Mwenzangu alikuwa mtoto wa Luvungi, amekulia kwenye mashamba ya bondeni, mrefu, mtu wa kucheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho chake mwenyewe. Aliponiambia anakwenda, aliniomba twende wote. Nilikataa. Niliogopa safari, hilo ni kweli, lakini pia nilidhani nikikataa naye atabaki. Hakubaki. Asubuhi aliyopanda lori la Uvira alinishika bega akasema, "Ampli ibakie na weye. Kule banasema ziko mingi." Nilimjibu kwamba mvua inakuja, apande haraka. Ndivyo tulivyoagana.

Jumapili ya kwanza nilipopiga peke yangu, sauti ilitoka nyembamba kama mtu aliyeruhusiwa jana kutoka hospitalini. Nilizungusha kitufe, kilikuwa tayari mwisho. Nilipiga kwa nguvu zaidi, nikakata uzi. Maman alinijia wakati wa mapumziko, trei mkononi.

"Tonton, ile sauti ya zamani iko wapi?"

"Lampe zimechoka," nikamwambia.

Nilisema hivyo ili aniondokee, kisha nikaanza kuamini. Kila mwenye ampli alijua kwamba lampe huchoka. Nyuma ya ampli yetu zilikuwepo mbili kubwa, vioo virefu vinavyowaka ndani rangi ya kaa, na hizo ndizo zinazoisukuma spika. Zikizeeka, sauti hulegea. Ni jambo la kawaida, halina aibu, na lina dawa yake. Nililipenda jibu hilo kwa sababu dawa yake ilikuwa kitu cha kununua.

Lakini kwanza nilibadilisha nyuzi zote. Halafu nikaulaumu umeme, nikasema Ruzizi, mto unaotuletea umeme, umepungua nguvu, mpaka jirani yangu mmoja akaniuliza mto umenikosea nini. Wakati huo maman alikuwa amekwisha kufanya hesabu zake.

"Batu banaanza kuenda ku baa zingine," aliniambia. "Gitare haipone, nitaleta platine, niweke ma-disque. Usikasirike, tonton. Njo kazi."

Nilikasirika. Mashine ya santuri ichukue nafasi yangu! Mkate wangu ulitoka kwenye cherehani, kwa hiyo njaa haikuwa hoja. Hoja ilikuwa kwamba Jumapili ndiyo siku pekee ambayo mtu fulani mahali fulani alikuwa akiningojea. Mke sikuwa naye, wazazi walikuwa wamekwisha kuondoka duniani, na yule aliyekuwa akinigongea dirisha kila asubuhi tukanywe chai alikuwa Nairobi. Nikiipoteza baa ile, ningebaki na chumba, kitanda, na mvua ya Bukavu juu ya mabati. Kwa hiyo niliamua kwamba sauti ile itarudi, hata nikizunguka Kivu nzima.

Mjini palikuwa na duka la redio lililokuwa mali ya Mgiriki, mpaka serikali ilipowanyang'anya wageni maduka na kuwagawia wananchi. Mwenye duka mpya aliuza redio zote, akabaki na maboksi ya lampe ambazo hakujua ni za nini. Aliziuza kwa ukubwa, kama mananasi.

"Hii kubwa iko na nguvu mingi," alisema, akiishika moja kichwa chini. "Batu bote banaitaka."

Kwa vumbi lililokuwa juu ya boksi, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa "batu bote". Nilichambua boksi hadi nikapata mbili zilizofanana, zimeandikwa 6L6. Zilikuwa lampe za Amerika. Zetu zilikuwa za Ulaya, EL34, lakini miguu ya hizi za Amerika iliingia kwenye matundu yale yale, nami nikadhani kinachoingia kinafaa. Fundi wa redio aliyekuwa akitutengenezea ampli, mzee mmoja, papa asiyependa maneno, alinizuia. Alisema nikiziwasha hivi hivi huenda bati la ndani litaiva likawa jekundu na sitapata hata wimbo mmoja. Akabadilisha kirezista kimoja kidogo, akapima, akaniruhusu niende.

Zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Besi ilisimama imara, noti za juu ziling'aa, kila kidole kilisikika kivyake. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilijisikia nimevuliwa shati mbele ya watu, kila kosa langu likiwa nje. Wanywaji walipiga makofi ya adabu, yale ya kumpigia mtoto wa mwenye nyumba.

Nilirudi kwa fundi na malalamiko yangu. Alisikiliza huku akichomelea waya wa mtu mwingine.

"Hizo za Amerika zinakatala kupasuka mbio," alisema. "Zinabeba mingi mbele ya kuchafuka. Ile EL34 inachafuka mapema, tena inasukuma ya katikati. Kama unatafuta ya zamani, tafuta ya zamani."

Kumbe dawa ilikuwepo! Nilitoka pale nikiwa na imani ya mtu aliyebatizwa upya. Tangu siku hiyo sikuwa na mazungumzo mengine. Mteja akija kupimwa kiuno nilimweleza tofauti ya lampe za Ulaya na za Amerika, na ya zile ndogo, EL84, zinazolia mapema zaidi lakini hazijazi nyumba. Wenzangu wa cherehani wakaanza kuniuliza kama posa nitaipeleka kwa wazazi wa EL34. Nilicheka nao. Jioni nilikwenda chumbani, nikala ugali na sambaza, wale dagaa wa ziwani, nikiutazama ukuta, na sikumweleza mtu yeyote kwamba niliwasha ampli bila gitaa ili chumba kiwe na kitu kinachovuma.

EL34 nilizipata upande wa Kavumu. Parokia moja huko ilikuwa na ampli ya sinema iliyokufa transfoma, ikawekwa stoo pamoja na viti vilivyovunjika. Mtunza stoo alikubali kunipa lampe zake mbili, nami nikamshonea suruali ya Pasaka. Nilirudi Bukavu juu ya lori la kabichi, lampe zikiwa mapajani, zimezungushiwa vitambaa vilivyobaki vya abakosti. Ziwa lilikuwa upande wa kushoto, jua linawaka, na nilikuwa na furaha kweli. Nilianza kupanga moyoni jinsi nitakavyomsimulia: kabichi, mtunza stoo na kiuno chake, jinsi nilivyozikumbatia kila tulipoingia kwenye shimo. Nilikuwa nimefika hata mahali pa kumchekesha ndipo nikakumbuka kwamba hayupo wa kusimuliwa. Upweke ulinishika pale juu ya kabichi, mchana kweupe, mpaka nikainamisha kichwa ili akina mama waliokaa karibu wasinione uso.

Fundi aliziweka, akarudisha kirezista cha zamani. Jumapili niliziacha zipate moto vizuri, nikafungua kitufe chote, nikapiga ule wimbo wetu uliokuwa ukiwatoa watu vitini. Sauti ilinenepa. Ilipasuka, ikakwaruza, ikasukuma katikati kama fundi alivyosema. Ilikuwa karibu sana na ile. Lakini haikuwa ile. Noti nilizozishika zilikaa hewani kidogo, kisha zikashuka, na ule mngurumo wa chini haukuja. Nilimaliza wimbo nikiwa tayari nimeanza kuilaumu spika.

Wakati wa mapumziko alinisogelea kijana mmoja mwenye soksi nyeupe, mwalimu wa huko Mwenga, aliyekuwa mjini akisubiri lori la kumrudisha. Alikuwa na gitaa lake mgongoni. Alilileta lipate maikrofoni mpya chini ya nyuzi, na alitaka kusikia kama inafanya kazi.

"Tonton, naweza chomeka kidogo tu?"

Nilitaka kumkatalia. Tundu la pili sikuwa nimemruhusu mtu kuligusa. Lakini alishika waya wake kwa adabu, na mimi nilikuwa nimechoka kugombana na vitu. Nikampulizia vumbi la tundu, akachomeka, akaniuliza apige nini. Nikamwonyesha akodi tatu za ule wimbo wetu, nikamwambia abaki kwenye hizo, asijaribu mapambo.

Akapiga. Alikuwa anachelewa kidogo, tena mkono wake mgumu. Niliingia juu yake na noti ya kwanza ya ule wimbo, na sauti ikaja. Ikaja yote, pamoja na mngurumo wa chini, mpaka glasi zikatetemeka mezani. Niliitazama ampli, nikaitazama mikono yangu, nikaitazama ya mwalimu. Hakuna kati yetu aliyekuwa akiipiga sauti ile. Magitaa mawili yalikuwa yakiingia katika lampe zile zile mbili, na kwa kuwa tulizizidishia mzigo, zilishindwa kuyatenganisha, zikayasaga pamoja, ikatoka sauti ya tatu. Miezi yote ile nilikuwa nimeuliza ni lampe gani. Fundi alinijibu nilichomuuliza. Hakuna aliyeniambia kwamba zinahitaji watu wawili, na mimi mwenyewe nilikuwa na kila sababu ya kutolifikiria jambo hilo.

Maman alitoka jikoni mbio, mikono imejaa unga wa muhogo, uso wote umefunguka. Mimi hakunitazama. Alitazama kando yangu, akamwona mwalimu, akasimama.

Wimbo ulipokwisha alisogea karibu.

"Nilizani amerudi," akasema.

"Hata miye, maman."

Hakurudi jikoni. Alivuta kiti akakaa mbele yetu, unga ukiwa bado mikononi, na tukapiga wimbo baada ya wimbo. Watu walicheza. Mwalimu alifurahi, akadhani maikrofoni yake mpya ndiyo iliyoleta maajabu yale, nami nikamwachia aamini. Kisha akachomoa waya, akaukunja vizuri, akaniaga. Lori lake lilikuwa linapakia. Sauti ikaondoka naye.

Maman alisubiri nimalize kuifunika ampli.

"Lete platine," nilimwambia. "Nimechoka kupiga peke yangu."

Lilikuwa neno la kwanza la kweli nililomwambia mtu yeyote tangu mwenzangu apande lori. Maman hakushangaa. Alijipangusa mikono kwenye kitenge chake, akanisukumia kiti kwa mguu, akaniletea chakula, akakaa ng'ambo ya meza mpaka nilipomaliza kula.