Boksi Lililochelewa Kuamka

Mwaka wa 1987, ukiuliza habari za kompyuta Isiolo, uliambiwa nenda kwa Florence Nakuam. Alikuwa karani wa mradi mmoja wa chakula cha msaada, na kompyuta ya mradi ilikaa katika chumba chake cha ofisi, imefunikwa kitambaa cha uzi wa bluu alichokishona mwenyewe. Wageni waliombwa wakung'ute vumbi mlangoni. Wengine walivua viatu kabisa kama wanaoingia msikitini, na Florence hakuwakataza. Alifurahi kuona wanaume wazima wakinyata mbele yake na soksi zenye matundu.

Alizaliwa papo hapo mjini. Baba yake, mzee Lobokat, alifika kutoka Turkana na mbuzi wachache, mbuzi wakaisha, akabaki na kazi ya kuvunja mawe ya barabara. Florence alijifunza kupiga taipu kwa masista wa misheni. Kompyuta ilipoletwa, fundi kutoka Nairobi alimfundisha siku nne, akamwachia amri tatu: asichomeke waya wala kuuchomoa mashine ikiwa imewashwa, chai isikaribie meza, na kila baada ya saa tatu mashine ipumzishwe.

Kando ya kompyuta palikuwa na boksi la chuma, ukubwa wa redio ya mezani, lililounganishwa nayo kwa waya mnene. Ndani ya boksi hilo ndimo yalimohifadhiwa majina: jamaa wote wa Korbesa, Kulamawe na vijiji vingine tisa, nani ana watoto wangapi, nani mjane, nani mgonjwa. Mwaka uliotangulia magunia yalifika Korbesa bila orodha. Wenye mabavu walijichukulia, na wajane wakarudi nyumbani na mifuko mitupu. Mkubwa wa ofisi, Madam Kinanu, mama wa Kimeru asiyependa mchezo, aliapa kwamba halitatokea tena. Tangu siku hiyo, bila orodha yenye sahihi yake, ghala halifunguliwi.

Hapo awali majina hayo yalikuwa katika madaftari kumi na moja makubwa. Florence alipomaliza kuyaingiza kwenye mashine, aliyatazama madaftari akaona ni takataka. Asho, mama mwenye duka kule mtaa wa Kiwanjani alikoishi Florence, alikuwa akitafuta karatasi za kufungia sukari na majani ya chai, kama wenye maduka wote. Florence akampelekea mzigo mzima, bure, na akajisifu moyoni kwamba ameisafisha ofisi. Kwa miezi minne Kiwanjani wakanywa chai iliyotoka katika majina ya watu wa Korbesa. Disketi za kuwekea nakala ziliagizwa Nairobi tangu Januari, na hazikuwa zimefika. Madam Kinanu hakujua lolote kuhusu madaftari.

Basi ikafika Alhamisi moja ya mwezi wa Juni. Magari ya kwenda upande wa Merti hayakuthubutu kwenda peke yake kwa hofu ya majambazi. Yalikusanyika kwenye kizuizi cha barabarani na kuondoka kwa msafara wa polisi mara moja kwa wiki, saa sita kamili. Lori la Korbesa lilikuwa limeshapakiwa. Kilichobaki ni orodha tu.

Saa mbili asubuhi Florence alibonyeza swichi ya ukutani. Madam alikuwa ameagiza vyombo vyote vichomekwe kwenye waya mmoja wenye swichi moja, ili jioni kisisahaulike kimoja. Kompyuta ililia mlio wake mfupi. Kioo kikabaki cheusi, na kijistari kimoja pembeni kikawa kinapepesa. Alingoja. Hakuna kilichokuja.

Alizima, akawasha. Vile vile. Alizima tena, akachomoa waya wa boksi, akawasha: kompyuta ikaamka vizuri kabisa, ila haikujua jina hata moja. Alizima, akarudisha waya, akawasha: kioo cheusi. Akaupuliza waya vumbi, akakaza skrubu kwa kisu cha mezani, akahamia tundu jingine la ukutani. Kijistari kiliendelea kupepesa, na Florence alitamani kukichapa kofi.

Saa nne ilimkuta kanga ya begani imelowa jasho. Alikuwa amepiga simu kwa fundi, akaambiwa yuko safarini Mombasa. Kilichomwogopesha zaidi ni kwamba alijua swali litakalofuata. Madam akiambiwa mashine imekataa, atasema sawa, leta madaftari.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Dahir, dereva wa lori, Msomali mwembamba ambaye babu yake aliletwa Isiolo na jeshi la Waingereza na ukoo wao haujahama tena.

"Dada Florence, salaam. Wapi makaratasi? Polisi wameanza kupanga magari."

"Dahir, hii kitu imenikataa. Bila boksi inaamka. Na boksi, inakufa. Na majina yote iko ndani ya boksi."

"Hebu washa nione."

"Utaona nini wewe? Hii si lori yako ya Bedford."

"Mimi sioni, mama. Mimi nasikiza. Washa."

Aliwasha. Dahir alifumba macho, akainamisha sikio mezani mpaka kofia yake ikagusa kioo. Kompyuta ikalia mlio wake. Dahir akainua kidole.

"Sikiza. Hii kubwa imeshaita. Hii ndogo bado inapanda, inalia kama mtu ya kifua. Walahi, ni mzee. Inaitwa kabla haijaamka."

"Kwa hivyo?"

"Mimi nikiwasha lori siondoki hapo hapo. Nangoja kwanza upepo ya breki ijae. Nikiondoka kabla haijajaa, nitasimama wapi?"

Florence alimtazama, akatazama ile swichi moja ya ukutani inayoviamsha vyote kwa pamoja, akaona aibu kwamba hakuliwaza mwenyewe. Akazima. Akachomoa boksi kutoka kwenye waya wa pamoja, akalipa tundu lake la ukutani. Akaliwasha peke yake. Likanguruma, likakwaruza, likapanda pole pole, na baada ya dakika nzima mlio ukatulia. Hapo ndipo akawasha kompyuta.

Korbesa ikatokea kwenye kioo, mstari kwa mstari. Florence alimkumbatia Dahir bila kufikiri, na Dahir akaruka nyuma akisema astaghfirullah huku anacheka.

Mashine ya kuchapa ya kompyuta ilikereza karatasi hadi saa tano na nusu. Madam Kinanu akatia sahihi, Dahir akakimbia nazo kizuizini.

"Sasa tuzime," Madam akasema, mkono umeshanyooshwa kwenye swichi. "Imewaka kwa saa tatu na zaidi. Fundi alisema ipumzike."

"Hapana, Madam."

Hakuwahi kumwambia hapana. Alisimama kati ya mkubwa wake na swichi, na maneno yakamtoka yote: boksi limezeeka, huenda kesho lisiamke, na madaftari hayapo. Alimpa Asho, karatasi zimefungia sukari.

Madam Kinanu aliketi. "Yote kumi na moja?"

"Yote."

Florence alingoja kufukuzwa. Alikuwa anafikiria karo ya mwanawe Lokol, na wapi ataanzia. Madam akavua saa yake ya mkononi, akaitia mkobani kana kwamba hataki tena kujua saa ngapi. "Chapa," akasema. "Vijiji vyote. Tukimaliza ndipo nitakasirika."

Walichapa hadi jioni. Madam mwenyewe alishika kurasa zinapotoka, akizipanga kijiji kwa kijiji, na kila taa ilipofifia wote wawili walibana pumzi. Jina la mwisho la Kulamawe lilitoka wino ukiwa hafifu, linasomeka kwa taabu. Florence akazima kwa mkono wake.

Jumatatu aliwasha boksi kwanza, akangoja. Alingoja mpaka Madam akaja akasimama nyuma yake. Boksi lilikwaruza mara moja, likanyamaza, na halikuamka tena. Florence alilia pale pale, si kwa ajili ya boksi. Alikuwa anawaza jinsi Alhamisi ile mkono wa Madam ulivyokuwa umeshanyooshwa kwenye swichi.

Madam Kinanu hakumbembeleza. Alimwekea mbele daftari jipya na kalamu, akamwambia kabla ya kunakili jina la mtu yeyote aandike la kwake kwenye jalada, ili daftari likipotea watu wajue nyumba ya kwanza ya kwenda kuuliza.