Ndara Mstarini

Mwandiko wangu ni mbaya na herufi nyingine nitazikosea, nisameheni. Niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni kwa polepole.

Mwaka ule wa kupiga kura kwa kupanga mstari, mama alikuwa na kibanda cha mahamri na mbaazi karibu na steji ya Gede. Diwani alitaka kiondolewe ili shemeji yake ajenge duka pale. Mshindani wake, fundi cherahani, alisema vibanda vibaki. Kwa hiyo mimi na mama tulikwenda uwanja wa shule tukasimama nyuma ya picha ya fundi. Ilikuwa kura yangu ya kwanza. Ukisimama, kila mtu anakuona, nami sipendi kutazamwa, nikawa naangalia visigino vya mama.

Mstari wetu ulikuwa mrefu kuliko wa diwani. Jua likapanda na afisa wa kuhesabu hajafika. Kwetu, ukichoka kungoja kwenye bomba la maji, unaacha ndoo yako mstarini unakwenda kukaa, na hakuna anayekuchukulia nafasi. Basi akina mama wakavua ndara, wakaziacha pale pale, wakaenda kwenye kivuli cha mikorosho. Mama naye akaacha zake mbele yangu.

"Nitazamie, mwanangu."

Afisa akaja, mtu wa bara, akapiga filimbi. Filimbi ikishalia, haruhusiwi mtu kuingia mstarini. Akaanza kuhesabu, ndara akiziruka.

"Bwana afisa, hizo zina wenyewe," akasema mzee mmoja nyuma yangu. "Hapa hata maji twateka hivyo."

"Nimetumwa kuhesabu vichwa, mzee. Sikutumwa kuhesabu ndara."

"Basi hesabu miguu, ugawe kwa mbili!"

Watu wakacheka, hata askari. Upande wa diwani wakapiga kelele, "Kivuli kimepata kura! Hongera kivuli!"

Akina mama walikuwa wanakuja mbio, peku. Askari wakawazuia kwa marungu yaliyolazwa, bila kumpiga mtu. Mama alininyooshea kidole, kisha akazinyooshea ndara zake, kana kwamba mimi ndiye ninayehesabu.

Diwani akatangazwa mshindi. Sikuona kura ikiibwa. Watu walipotawanyika, mama alirudi akavaa ndara zake. Kibanda kilivunjwa kabla ya mvua za masika. Sasa anapikia uani, na wasafiri wa steji hawafiki huko.

Tunabishana mpaka leo. Mama anasema walikuwa wameshainuka filimbi ilipolia, na kwamba walistahili kuhesabiwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale, lakini nilikuwa naangalia chini. Kama ulikuwa uwanjani siku ile, upande wowote ule, niandikie uniambie ulichoona. Nitamsomea mama, hata kama si jibu analolitaka.