Choo cha Mama Mkwe Kando ya Dembo

Mama mkwe wangu alipokuja Lubumbashi kutibiwa mguu, nilikuwa sijawahi kumwona uso. Nasema kweli. Nilikuwa nimemuoa binti yake, nimezaa naye watoto, nimekula samaki wakavu aliotutumia kutoka Mitwaba, lakini yeye mwenyewe nilikuwa namjua kwa kitambaa cha kichwa kikipotea nyuma ya mlango. Kwao kuna buko, ile heshima ya wakwe: mume na mama wa mkewe hawatazamani, hawapeani mkono, hawali pamoja, na zaidi ya yote hawaingii choo kimoja. Upande wetu mambo hayo yamelegea, ila siku ya kuoa niliahidi kuyafuata, na nikishaahidi jambo nalibeba hadi linanichosha.

Nyumba yetu iko ukingoni mwa Bel-Air na ina choo kimoja, katikati ya korido. Kwa hiyo tuliishi kwa kukohoa. Nikitaka kupita, nakohoa, naye anajifungia chumbani. Akitaka kupita, anakohoa yeye, nami naacha chakula na kukimbilia uani. Siku moja tulikohoa kwa pamoja, tukakimbiana, kumbe tunakimbilia mlango mmoja. Nilijiokoa kwa kuingia kwenye banda la kuku, nikakaa humo nimejikunja huku watoto wangu wakiniuliza kupitia wavu kama nimeanza kutaga.

Haja zangu nilizimalizia kazini, na Jumapili kwa jirani, ambaye alikuwa ameanza kunifungulia mlango bila kuitikia salamu. Yeye mama aliacha kunywa maji, ili asilazimike kutoka chumbani. Daktari alikuwa amemwagiza anywe maji mengi na kutembeatembea. Mwishowe akamtuma mke wangu kuniambia kwamba anarudi kwake. Mke wangu alileta habari hiyo akilia, na mimi niliogopa, maana hospitalini walishasema waziwazi: akikatiza matibabu, mguu huo huenda ukakatwa.

Nikaamua kumjengea chumba na choo chake nyuma ya nyumba. Tatizo ni kwamba kiwanja chetu kinateremka hadi kwenye dembo, bonde la majimaji lenye matete, ambako akina mama wanalima mboga za lengalenga. Bonde hilo limewekewa kibao kwamba linalindwa, na sisi tunaopakana nalo haturuhusiwi kujenga hata kibanda kabla kamati haijaja kukagua. Jirani alinishauri nijenge kwanza, wakija nishangae pamoja nao. Mimi kwa mambo ya serikali ni mwoga, nikaita kamati.

Wakaja watatu: chef wa mtaa mwenye kofia, mama wa ofisi ya mazingira aliyevaa buti za mpira, na bwana wa urbanisme, ofisi ya mipango miji, mwenye futi ya kupimia, mpole, Mwislamu wa zile familia zilizotoka Maniema zamani. Niliwatembeza kwa madaha kana kwamba chumba kimeshasimama. Mama wa mazingira akaokota kijiti, akakichoma pale nilipotaka kuchimba shimo la choo. Kilizama chote kama kidole kwenye bukari, ugali wetu, ya moto, kikatoka kinachuruzika.

"Papa, hii fosse yako itaogelea," akasema. "Mvua ikinyesha, byote bitashuka mu lengalenga ya bamama. Haiwezekani."

"Kwani mu nyumba munakosa WC?" akauliza bwana wa urbanisme.

"Iko. Lakini mama muko wangu naye iko mu nyumba."

Hapo kikao kikabadilika. Chef akavua kofia.

"Mama muko? Mule ndani? Na munapita mu korido moja?"

Akaanza kutusimulia jinsi alivyowahi kuruka kutoka kwenye lori baada ya kugundua kwamba yule mama aliyekaa juu ya magunia ya mahindi ni wa mkewe. Mama wa mazingira akasema kwao hata jina la mkwe halitamkwi. Bwana wa urbanisme akatikisa kichwa.

"Siye kwetu mama muko ni mama tu. Wa kwangu njo ananipikiaka."

Wenzake wakamtazama kwa huruma. Kwa muda mrefu hakuna aliyekumbuka dembo. Mtu angeweza kusimamisha ghorofa pale nyuma yao wasione.

Kisha mama wa mazingira akarudia kazi yake. Ilibidi wamsikie mwenyewe atakayelala kwenye hicho chumba, akasema, ndio utaratibu. Lakini mama angetokaje mbele yangu? Basi mimi, mwenye kiwanja na mwenye ombi, nikafukuzwa kwenye kikao changu. Nilijibanza nyuma ya ukuta wa jikoni, sikio kwenye tofali. Nikasikia mlango, mguu ukiburutwa, kiti kikisogezwa. Halafu ile sauti niliyoijua kwa kikohozi tu.

"Minasikia anataka kunijengea. Anasumbuka sana juu yangu. Lakini mie sitaki nyumba mu maji. Nilikuja kupona. Sasa haya inanishinda, na yeye pia inamushinda. Heri nirudie kwetu."

"Mama," akasema chef kwa upole, "kwenu buko habaifunguake?"

Hufunguliwa, na mimi nilijua. Mkwe hutoa kuku na kitenge, watu wazima wanashuhudia, wawili hao wanalishana bukari, na tangu hapo ni mama na mtoto. Ila nilidhani mkubwa ndiye anayemwita mdogo, kwa hiyo miaka yote nilikuwa nangoja aniite.

"Banaifungua," akajibu. "Lakini mutoto mwanaume njo analeta kuku. Yangu hakuleta. Nikasema basi, pengine hanipendi."

Nilisikia vibaya moyoni. Nilitaka kupenya ule ukuta nimwambie, lakini mazoea ni kitu kibaya: badala ya kusema, nilikohoa. Upande wa pili kiti kikaanguka. Mama alikuwa amekimbia.

Kamati ilitoa uamuzi wake palepale. Chumba kimekataliwa, choo kimekataliwa, na saruji isipite mstari wa mipapai yetu. Choo cha korido kinatosha, mradi buko ifunguliwe, na kama kuku yupo, wao hawana haraka. Mke wangu, aliyekuwa dirishani muda wote, alishamkamata jogoo kabla chef hajamaliza. Kitenge kilitoka kwenye sanduku lake mwenyewe, kile ambacho hakutaka hata nikiguse. Bwana wa urbanisme akachinja, ili naye aweze kula.

Mama akaitwa tena, tukaketishwa kwenye mkeka, sahani moja kati yetu. Nilikazia macho bukari.

"Papa, muangalie mama yako," akasema chef.

Nikainua macho. Ulikuwa uso wa mke wangu, ule ninaoamka nao kila siku, ila umezeeka na umechoka kwa maumivu. Machozi yalinitoka mbele ya serikali nzima. Mama akakata tonge, akalichovya, akanilisha. Nami nikamlisha, nikampaka mchuzi hadi kidevuni.

"Ile kikohozi yako," akasema, "nilizania ni tuberculose. Nilikuwa nakuombea."

Tangu hapo hajanyamaza. Alikuwa ameweka akiba ya miaka: ninavyofunga mkanda, ninavyowadekeza watoto, ninavyokoroma hadi chumba cha pili. Maji anakunywa jagi zima na kwenda chooni bila kukohoa, na mimi ndiye ninayengoja kwenye korido.

Siku ya hospitali iliyofuata mke wangu alikuwa kazini, kwa hiyo nilimpeleka mimi. Nilimshika mkono, nikamwegemeza begani hadi kwenye teksi, na njia nzima alilalamika kwamba nakwenda mbio, kwamba namvuta, kwamba hivyo ndivyo wanavyoshika mbuzi. Nilikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yangu, na naomba mke wangu asisome hapa. Mlangoni muuguzi akauliza mimi ni nani kwa mgonjwa. Kabla sijafungua mdomo, mama akajibu:

"Ni mutoto yangu. Hajue kushika mugonjwa, lakini ni yangu."